Mlango wa Ubavuni Tuliotaka Kuuziba

Nilikuwa nimeketi kando ya dereva, daftari la vifaa likiwa mapajani, tulipoanza kushuka mteremko mrefu na usukani ukaanza kucheza mikononi mwake. Mwanzoni nilidhani ni upepo wa ubavuni. Kisha kioo cha kushoto kikanionyesha kona ya trela, kona ikapotea, ikarudi, na kila iliporudi ilikuwa imejitokeza zaidi kuliko mara iliyotangulia. Mzee hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani bila kuuzungusha huku wala huku, akapeleka kidole kwenye kitufe kinachofunga breki za trela peke yake, akakibonyeza kidogo kidogo mpaka mkia ule ukatulia.

Tulikwenda kimya kwa dakika kadhaa.

"Mwanangu," akasema hatimaye, macho yakiwa barabarani, "trela hii hainifuati. Inataka kunipita."

Basi la vijana wa bendi lilikuwa nyuma yetu.

Tulifika salama. Vijana walishusha vifaa vyote kwa dakika 12, wakapiga vizuri, wakashangiliwa, na jioni mzazi mmoja alinishika mkono akanipongeza kwa namna nilivyoigeuza trela ile kuukuu kuwa chombo cha bendi. Nilimshukuru. Kabla ya kurudi, mimi na Mzee tulisogeza ngoma kubwa mbele, tukazifunga sakafuni bila kumweleza mtu sababu, tukarudi nyumbani kwa mwendo wa polepole. Wiki zilizofuata nilikuwa nikiamka usiku na kuiona ile kona kwenye kioo, ikija na kuondoka.

## Sanduku lililojengwa kwa safari moja

Trela hiyo ilikuwa ya kuhamishia vyombo vya nyumbani. Ina urefu wa mita 7.3 na upana wa mita 2.4, ekseli mbili, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, zilizo nyuma kidogo ya katikati, milango miwili mikubwa ya nyuma, na mlango mwingine ubavuni, karibu na mbele, wenye upana wa mita 1.2. Kuta zake za ndani zina mbao za mlalo, zimejaa alama za mikanda ya miaka mingi.

Niliikagua kwa uangalifu kabla hatujainunua, na jambo hilo bado najivunia. Nilichoma sakafu kwa bisibisi kwenye pembe zote, kwa kuwa plaiwudi huanza kuoza pembeni, pale maji ya paa yanapotuama. Nilijifungia ndani mchana wa jua kali nikatafuta vitundu vya mwanga, maana panapopita mwanga hupita na mvua. Nilisoma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa kila tairi, ambazo mbili za kwanza hutaja wiki na mbili za mwisho hutaja mwaka tairi ilipotengenezwa, nikaona kwamba tairi zote nne zilikuwa na meno mazuri lakini zimezeeka. Tairi ya trela huharibika ikiwa imesimama. Raba hupasuka kwa jua na miaka kabla haijalika kwa barabara. Tulizibadilisha zote, tukafungua beringi, tukazisafisha, tukazijaza grisi mpya.

Nilikagua chuma, mbao na raba. Sikujiuliza trela ile ilizoea kazi ya namna gani.

Mzigo wa kuhama nyumba hujishikilia wenyewe. Kabati husimama wima, kochi huliegemea, godoro huingizwa katikati, blanketi hufunika pembe, na kila kinachoongezwa hubana kilichotangulia, hadi sanduku zima linakuwa kitu kimoja kizito kisicho na nafasi ya kutikisika. Mzigo huo hupakiwa mara moja na kushushwa mara moja, na watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo. Ala za bendi hazibani wala hazibanwi. Ukiegemeza ngoma kwenye mirija ya marimba, iliyo ya alumini nyembamba, unaikunja. Ukiweka sanduku juu ya tuba, ile tarumbeta kubwa ya sauti nzito, unaibonyeza. Kila ala inataka mahali pake peke yake, na itatolewa na kurudishwa mara mbili au tatu kwa siku moja, mara nyingine gizani, na vijana waliochoka ambao fikra zao ziko kwenye onyesho.

Tena ala ni nyepesi. Springi zilizopangwa kubeba nyumba nzima, zikibeba nusu ya mzigo huo, hazilegei. Hupokea kila shimo na kulirusha juu. Hilo nililigundua mapema, kwa vipande vya marimba vilivyong'oka kwenye kamba zake katika safari fupi ya majaribio, na tangu hapo kila ala yenye magurudumu husafiri ikiwa juu ya zulia nene.

## Mpango niliouchora

Nilichora mpango wa ndani nikiwa na saa akilini. Kila aliyewahi kusafiri na bendi anajua ule muda kati ya kufika na kupanga mstari: basi limefunguka, vijana mia wanatafuta vifaa vyao, na ala zinazotangulia kuhitajika ndizo zile kubwa zisizobebwa, yaani marimba, vibrafoni (marimba ya vipande vya chuma), timpani (ngoma zenye umbo la sufuria) na ngoma kubwa, kwa sababu kuzipanga uwanjani huchukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Kanuni ya kupakia inasema kitakachotoka kwanza kiingie mwisho. Kwa hiyo nikaweka ala zote nzito nyuma kabisa, mlangoni penye rampu, ubao wa kushushia vitu, na rafu za masanduku ya tarumbeta, tromboni na saksafoni nikazipanga mbele.

Nilipofika kwenye mlango wa ubavuni nikaona kwamba unanila ukuta. Mita 1.2 za rafu zingebeba masanduku 8 zaidi. Nikamwomba fundi wa kuchomelea auzibe.

Fundi aliuzunguka mlango ule, akaufungua na kuufunga mara mbili, akauliza una kosa gani. Nikamweleza kwamba tunahitaji ukuta. Akakubali, lakini alipomaliza niliona hakuchomelea kitu: alikuwa amefunga plaiwudi kwa ndani kwa bolti 10. "Bolti hufunguka," alisema, na sikuelewa kwa nini aliona haja ya kunieleza hivyo.

Kazi iliyobaki tuliifanya wenyewe kwa miezi miwili ya Jumamosi. Vijana walikata mbao, wakapiga randa, wakafunika kila kingo kwa zulia ili chuma kisiguse shaba. Susafoni, zile tuba za kuvaliwa mwilini, zilinipa tabu kuliko zote, na kazi hiyo niliipenda kuliko zote. Ala hii ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1890 kwa fikra ya John Philip Sousa, ikazungushwa kumzunguka mchezaji ili uzito wake uangukie begani. Ni ala iliyoumbwa kwa ajili ya mwili wa mtu, na ikitoka begani haina namna njema ya kukaa. Ukiilaza, mdomo wake mpana unapinda, ukiisimamisha, inaanguka. Tulitengeneza mabega ya bandia, mabomba mafupi yaliyovikwa sponji na kukazwa ukutani, na kila susafoni ikaning'inia hapo kama inavyoning'inia kwa mwenyewe, na mkanda mmoja kiunoni.

Wachezaji wadogo wa ngoma walijenga rafu yao wenyewe, palepale kwenye ukuta uliopatikana kwa kuziba mlango. Waliipaka rangi, wakaandika majina yao kwa chini, mahali pasipoonekana isipokuwa ukichuchumaa.

## Theluthi ya uzito

Siku ya tatu baada ya ule mteremko nilimwomba Mzee anifundishe. Alinieleza jambo lenyewe kwa mfano wa mzega: mtu akibeba vitu viwili kwenye mti begani, na cha nyuma kikazidi cha mbele, mti humwinuka usoni na kila hatua humyumbisha. Trela ya namna yetu imebebwa na ekseli kama mti ulivyobebwa na bega, na chuma cha mbele kinachoungana na gari, ambacho yeye hukiita shingo, lazima kiegemee gari kwa uzito wa kutosha. Kipimo kinachokubalika ni kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela ikiwa na mzigo wake. Chini ya hapo mkia huanza kuongoza. Trela yaweza kutulia kabisa kwenye mwendo mdogo, halafu ukipita mwendo fulani msukumo mdogo tu wa upepo huzaa myumbo, na myumbo huo, badala ya kufa, hujilisha wenyewe. Ukizidisha mbele nako ni hatari nyingine, kwa sababu mkia wa gari huzama, magurudumu yake ya mbele huwa mepesi, na usukani na breki hupungua nguvu.

Tuliipakia trela kama ilivyokuwa siku ile, tukaipeleka kwenye mzani wa magari, tukaipima ikiwa imetengwa na gari. Kilo 3,060.

Shingo tuliipima uani kwa mzani mdogo wa kupimia watu. Mzani wa aina hiyo haubebi uzito wote, kwa hiyo Mzee aliweka ubao mnene wenye sentimita 90 kati ya nguzo zake mbili, ncha moja juu ya tofali na ncha nyingine juu ya mzani, kisha tukashusha shingo juu ya ubao kwa jeki, sentimita 30 tu kutoka kwenye tofali. Kwa mpangilio huo tofali hubeba theluthi mbili na mzani hubeba theluthi moja. Magurudumu yalikuwa yamezuiwa kwa vigogo, trela imenyooka, nasi tumekwisha kuutoa uzito wa ubao wenyewe.

Mzani ulisoma 47.

Mara tatu ni 141. Nilihitaji angalau 306.

Nilirudia hesabu kwenye daftari mara nne, nikitumaini kwamba nimekosea mahali. Mpango wangu wa dakika 12 ulikuwa umeweka uzito wa trela mkiani, na nilikuwa nimeusafirisha mbele ya basi la watoto.

## Nani aambiwe

Hapa ndipo niliposimama kwa wiki nzima, na naona aibu kusema ni muda mrefu kiasi hicho.

Nilikuwa na njia rahisi. Ningeweza kuweka mifuko ya mchanga mbele, kilo mia mbili hivi, shingo ingetimia na hakuna rafu ambayo ingeguswa. Nilimpelekea Mzee wazo hilo, naye hakulikataa. Aliniuliza tu kama ninataka gari livute mchanga kila safari, lipandishe mlima na mchanga, lisimamishe mchanga kwenye mteremko, ili nisiwaambie watu kwamba nilipanga vibaya. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la haki kuliko hilo.

Nilichoogopa zaidi ni ile rafu ya wapiga ngoma wadogo. Ala nzito zikihamia mbele, masanduku lazima yarudi nyuma, na rafu ile ivunjwe. Nilijua jinsi walivyoijenga, nani alikata ubao mfupi akalia, nani akatafuta mwingine. Mtoto akikupa Jumamosi zake nane na ukaja kumwambia kwamba kazi yake inaondolewa, hasikii habari za asilimia na ekseli.

Niliwaita wote mbele ya trela, pamoja na wazazi wachache na mwalimu wa bendi, nikawaeleza kilichotokea kwenye mteremko. Sikupunguza kitu. Mzazi mmoja alikasirika, na alikuwa na haki: aliuliza kwa nini amesubiri siku 11 kujua jambo lililotokea mbele ya basi alilokuwamo binti yake. Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba nilikuwa nimekosea, kwanza kwenye mchoro, halafu kwenye kunyamaza, na kwamba hili la pili halikuhitaji ujuzi wowote kuliepuka.

Binti mmoja wa ngoma ndogo aliuliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikia. Kama ala nzito zinakaa mbele, zitatokaje kwanza?

Nikafungua mdomo, kisha nikaugeukia ule ukuta wenye bolti 10.

## Bolti hufunguka

Mlango wa ubavuni kwenye trela ya kuhamia huwezesha jambo hilohilo: mzigo mzito ukae mbele na bado ufikiwe bila kupekua sanduku zima. Jibu lilikuwa limejengwa ndani ya trela kabla haijatufikia, nami niliona ni pengo kwenye rafu.

Kuufungua kulichukua robo saa. Kuutumia kulichukua majuma matatu.

Marimba yetu ya oktava nne na theluthi ina urefu wa karibu mita 2, na trela ina upana wa mita 2.4. Hapakuwa na nafasi ya kuizungusha ikishaingia, na kwa siku mbili nilidhani mpango umekufa hapo. Kisha tukatambua kwamba hakuna haja ya kuizungusha. Inaingia kwa ncha, moja kwa moja hadi ukuta wa pili, na kwa kuwa magurudumu yake madogo huzunguka pande zote, inasukumwa kiubavu kuelekea mbele hadi inagusa zulia la ukuta wa mbele. Vibrafoni inafuata vivyo hivyo, kisha timpani, kubwa zikitangulia, na ngoma kubwa zinafunga safu. Zote hukaa mbele ya ekseli, chini kabisa, kila moja na mikanda miwili iliyofungwa kwenye fremu ya chuma, kamwe si kwenye mirija wala kwenye ngozi ya ngoma. Mikanda hiyo tuliichagua kwa uzito wa kazi ulioandikwa kwenye lebo, ambao kwa kawaida ni theluthi moja tu ya uzito wa kuikata. Wengi husoma ile tarakimu kubwa na kujiona salama.

Rampu ndiyo iliyotushinda kwanza. Sakafu ya trela iko sentimita 55 kutoka ardhini. Ule ubao mwembamba wa wahamishaji, uliokuja na trela ukiwa umesukumwa chini ya chesisi, unatosha mtu mwenye kabati mgongoni lakini hautoshi magurudumu ya marimba. Tuliunda mwingine mpana zaidi, wenye urefu wa mita 1.8, mteremko wake ukawa mkali mno. Timpani ilimponyoka kijana mmoja, na bahati ilikuwa kwamba chini palikuwa na watu wawili wenye mikono mizuri. Sasa tuna rampu ya mita 3, ya vipande viwili vinavyoungana kwa bawaba, yenye mchanga uliochanganywa na rangi ili viatu visiteleze na kingo za mbao pande zote mbili.

Susafoni zilihamia nyuma. Ya shaba ni kama kilo 15, kwa hiyo hata zikiwa 8 hazifikii uzito wa kutisha, na sasa wanaozipiga hupita mlango wa nyuma huku wapiga ngoma wakipita ubavuni, makundi mawili yasiyogongana. Siku ya kwanza ya kujaribu tulishusha vyote kwa dakika 14. Nilikuwa tayari kwa 25.

Rafu ya wadogo hatukuivunja vipande. Walifungua skrubu wenyewe, wakaikata fupi kidogo, wakaipachika nyuma kulia, na majina bado yako kwa chini.

Shingo ilisoma 121. Mara tatu, 363, yaani karibu asilimia 12.

## Joto, kwa kifupi

Kuna jambo moja ambalo nilikuwa nimeliamua vizuri tangu mwanzo, na nalitaja kwa sababu wengi hulipuuza. Sanduku la bati likisimama juani huwa na joto kuliko hewa ya nje, hata paa likiwa jeupe na matundu ya hewa yakiwa wazi, kama yalivyo yetu. Shaba huvumilia. Gundi inayoshikilia vifuniko vya saksafoni hulainika, na klarineti za mpingo, mti mgumu kuliko karibu mti wowote unaochongwa, hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto na ukavu. Klarineti husafiri ndani ya basi, mapajani mwa wenyewe. Sihesabu nafasi yao kwenye trela, hata pale tunapokuwa nayo.

## Safari ya juzi

Sasa tunapima shingo kabla ya kila safari. Tofali, ubao na mzani vina sanduku lao karibu na mlango wa ubavuni, na tarakimu huandikwa kwa chaki nyuma ya mlango huo ili dereva aisome kabla hajaunganisha trela. Vijana wameizoea, wengine hubashiri.

Juzi ilisoma 83. Hiyo ni kilo 249, na kwa mzigo wa siku ile ni kama asilimia 8. Basi lilikuwa limekwisha kuwashwa, mwalimu alikuwa akitazama saa, na kwa dakika moja nilijisikia nikitaka kusema kwamba inakaribia kutosha. Kisha yule binti wa ngoma ndogo akaingia ndani na tochi, akarudi akasema kwamba masanduku ya sare yaliyokaa mbele hayapo, yamekwenda kwa basi, na majukwaa mapya ya chuma yamepakiwa nyuma kabisa, nyuma ya susafoni.

Tulishusha nusu ya trela. Majukwaa yakaingia ubavuni, chini ya vibrafoni. Mzani ukasoma 116.

Tuliondoka tukiwa tumechelewa dakika 40. Mzee alikuwa amezima injini tangu alipoisoma ile chaki ya kwanza, akaketi kwenye kigogo cha gurudumu akisubiri, na tulipomwambia tuko tayari aliinuka, akaushika mlango wa ubavuni kwa mikono miwili, akauvuta kuhakikisha komeo limeingia, kisha akazunguka kwenda upande wake.